Mume anataka English medium ya mbali, mimi nataka shule ya jirani

Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka sita, Januari anaanza darasa la kwanza. Baba yake anataka asome English medium iliyoko Tabata, na sisi tunakaa Mbagala. Basi la shule litampitia saa kumi na moja alfajiri. Ada nikope kwenye kikoba changu. Mimi naona shule ya serikali hapa jirani inatosha, lakini yeye anasema nataka kumharibia mtoto maisha, mbona watoto wa kaka zake wote wako huko. Nifanyeje?
Mama mwenye mawazo, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Umenifungia mambo mawili kwenye furushi moja: shule ya mtoto, na mume asiyetaka kuonekana mnyonge mbele ya kaka zake. Hilo la pili ndilo lenye kelele.

Mumeo ana haki yake, tumpe. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili akifika kidato cha kwanza anakuta hisabati, biolojia, jiografia, vyote vimegeuka Kiingereza, na wengi huzama palepale. Na shule za serikali, ada ilishafutwa, sawa, lakini nyingine darasa moja limebeba watoto mia na ushei. Usimbishie hapo, atakushinda.

Mbishie kwenye basi. Kupitiwa saa kumi na moja ni kuamshwa saa kumi, mtoto wa miaka sita! Mimi nilishampeleka wangu mbali kwa sifa hizohizo. Asubuhi moja nikamkuta amesinzia mezani, kijiko cha uji kiko mdomoni, soksi mguu mmoja. Mwaka ule alijua nyimbo za Kiingereza chungu nzima, kusoma hajui. Tukamrudisha karibu na nyumbani.

Shemeji zako wakisema basi apelekwe bweni, wakumbushe kwamba mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, ila kwa kibali maalumu.

Kuhusu kikoba sina maneno mengi. Kama bila mkopo hamuwezi kulipa hata mihula miwili, shule hiyo bado si yenu. Muhula wa tatu mtoto atarudishwa getini, na marejesho ya kikoba yanakusubiri palepale.

Ila kwani kati ya Tabata na hapo jirani hakuna kitu? Zungukeni Mbagala yenyewe, English medium ndogo zipo mitaani. Ingieni bila taarifa, saa nne watoto wakiwa kwenye uji. Katuni za ukutani achaneni nazo. Ombeni daftari la mtoto wa darasa la pili: mkikuta jibu la kosa limepigwa tiki, mwalimu hasahihishi, anapitisha kalamu tu. Chungulieni vyoo. Halafu msikilizeni mwalimu anavyofundisha, maana zipo shule ambazo Kiingereza chote kimeishia kwenye kibao cha getini.

Mwende wote wawili, hata kama itabidi aombe ruhusa kazini. Na kabla hamjalipa hata shilingi, mwombe siku moja yeye ndiye amwamshe mtoto saa kumi, amwogeshe, amvalishe, wakasimame barabarani mpaka saa kumi na moja. Wewe siku hiyo lala.