Tripu moja ni kyubiki ngapi? Kwa aliyeuliza kokoto za uani

Mkuu, umesema ua wako hapo Gungu ni mita 10 kwa 6, unataka kokoto unene wa sentimita 5, video ya Wamarekani uliyotazama inasema "yadi 4", na mwenye lori kakwambia tripu moja inatosha.

Tuanze na yadi. Sisi tunaijua ile ya duka la vitambaa, na hapo ndipo watu wanapopotea. Hiyo ya Wamarekani ni kama boksi: urefu yadi moja, upana yadi moja, kimo yadi moja, yaani futi za ujazo 27. Kwa kipimo chetu ni kyubiki mita 0.765 (yaani mita za ujazo, kwa kifupi kyubiki). Mara 4 unapata 3.06. Sasa piga ya kwako: 10 × 6 × 0.05 = 3. Video haijakudanganya. Hiyo 0.05, yaani sentimita 5 kwa mita, ndiyo inayowaponza wengi. Mtu anazidisha kwa 5, anapata 300, anabaki kushika kichwa.

Shida iko kwenye tripu. Tripu si kipimo, ni safari tu ya gari. Nilipokuwa namwaga jamvi (zege la sakafu) la nyumba yangu Mwanga, niliambiwa Fuso inabeba kyubiki 7. Nikaagiza tripu mbili za mchanga, nikahesabu nina 14. Saa nane mchana mchanga ukaisha, chumba kimoja bado, vibarua wamegeuza ndoo wamekalia, na posho yao iko palepale. Tripu ya tatu ilipoitwa nilipanda juu ya bodi, pale pa kubebea mzigo, na tepu kabla haijaenda kupakia: 4.2 × 2.1 × 0.55. Inakuja 4.85! Ile 7 ilitoka wapi? Zamani gari lilikuwa na mbao za kuongezea kimo. Mbao zilishavuliwa, hesabu ikabaki.

Dereva akikutajia kwa futi, usibishane naye. Bodi ya futi 14 × 7 × 2 ni futi za ujazo 196, gawa kwa 35.3 (ndizo zilizomo kwenye kyubiki moja), ni kama kyubiki 5.5.

Mchanga una ujanja mwingine ambao kokoto hazina. Ukiwa na unyevunyevu unavimba, kwa hiyo masika unaweza kununua bodi imejaa huku mchanga wenyewe ni pungufu kwa robo hivi. Usiniamini mimi, chukua ndoo, jaza mchanga mbichi mpaka mdomoni, usawazishe kwa ubao, halafu mimina maji mpaka yasimame juu yake. Wangu ulishuka karibu vidole vinne. Wanaouza kwa tani nao, mchanga ukiwa umelowa, wanakuuzia na maji.

Moramu ni kinyume chake, unapungua ukishindiliwa. Ukitaka kyubiki 6 zilizoshindiliwa, agiza 7 na nusu.

Ukitaka kuhakiki baada ya kumwaga, tumia ndoo ya lita 20: ndoo 50 zilizosawazishwa ni kyubiki moja. Toroli langu linakula ndoo tatu, kwa hiyo kyubiki ni toroli 17 kasoro kidogo. La kwako lipime mwenyewe, hayafanani.

Sasa ua wako. Hesabu 3, ongeza kidogo kwa zitakazozama kwenye udongo na mabonde ambayo macho hayayaoni, sema 3.3. Muulize jamaa ni gari gani. Kama ni kenta, lori dogo, yenye bodi ya 3 × 1.7 × 0.4, hiyo ni kyubiki 2 tu, tripu moja haikufikishi. Kama ni Fuso kama ile yangu, itabaki, labda mgawane na jirani.

Na ukienda kupima, chungulia sakafu ya bodi. Ile ya kwangu ilikuwa na mchanga wa tripu zilizopita umegandamana chini, sentimita 5 hivi. Nilipopiga hesabu ilikuwa ndoo 22, na kwenye zile tripu mbili za mwanzo nilizilipia.