Ikoni zinatembea kwenye ramani, kwa hiyo mifumo imeungana?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko kitengo cha mafunzo, tuna simuleta ya vita vya ardhini inayotoa data kwa DIS (itifaki ya simuleta kupeana data kwenye mtandao), tunataka kuiunganisha na mfumo wetu wa kamandi na udhibiti ili maofisa wa makao makuu wafanyie zoezi kwenye skrini zilezile wanazotumia kazini. Kuna kampuni imetuletea adapta, kwenye demo tumeona vikosi vyote vinatembea kwenye ramani bila shida. Wanasema wiki mbili kazi imeisha na amri zitapita humohumo. Tuchukue?

JIBU: Msichukue bado. Hii demo naijua, ni ileile kila mahali, na kila mahali watu wakiona ikoni inasogea wanapiga makofi.

Kutoa ikoni kwenye DIS ni kazi ndogo kuliko zote. Itifaki iko wazi, ni kiwango cha IEEE 1278, kila kifaru kinatuma pakiti yake hata kikiwa kimesimama, kwa kawaida kila sekunde 5, na ndani kuna mahali kilipo kwa mita kutoka kitovu cha dunia. Adapta inageuza hizo mita kuwa gridi ya ramani, inachagua alama ya kikosi kwenye APP-6, yaani orodha ya alama za kijeshi za NATO, basi. Kijana anayejua kuprogramu atakufanyia hiyo.

Sasa mi nakuuliza, kwenye hiyo demo adui naye mlimuona? Nani kamuona? Kama hakuna doria, droni wala rada ndani ya simuleta iliyomgundua, ile ikoni nyekundu imefikaje mbele ya kamanda? Hapa ndo huwa nakasirika, maana DIS inatangaza ukweli wote kwa kila anayesikiliza, na hawa jamaa wanachukua huo ukweli wote wanaumwaga kwenye mfumo wa kamandi alafu wanauita picha ya uwanja wa vita. Vitani hakuna mtu anayepewa picha hiyo! Ripoti inachelewa, inakosea idadi, vifaru vinane vinaripotiwa vitano, kikosi kinapotea kabisa kwa sababu redio haishiki. Ofisa wa intelijensia aliyepewa ukweli wote hana cha kufanya, na kamanda anatoka kwenye zoezi akiamini ana uwezo ambao hana. Ripoti lazima zitokane na kile vikosi vya kwenye simuleta vimeona, vikaripoti kwa mawasiliano viliyonayo. Kama simuleta yenu haifanyi hivyo, lazima kiwepo kitu katikati cha kuchuja, na hicho hakiandikwi kwa wiki mbili.

Amri ndo usiseme. Kamanda anaandika “kombania A izuie adui asivuke mto hadi saa 12”. Simuleta inajua vifaru 14 mmojammoja, inajua kwenda pointi fulani na kufyatua ikiona kitu. Kombania ni nani huko? Kuzuia ni kufanya nini, na ikishindwa inaripoti nini? DIS haina majibu ya hayo, haikutengenezwa kwa ajili ya kubeba amri ya kamanda. Ndo maana SISO, shirika la viwango vya simuleta, walihangaika miaka na C-BML, lugha ya kuandika amri ambayo kompyuta inaielewa, wakaigawa amri kuwa nani, nini, wapi, lini na kwa nini, na MSDL ya kuanzishia hali ili pande zote mbili zianze na vikosi vilevile vyenye vitambulisho vilevile, mpaka kikatoka kiwango cha C2SIM mwaka 2020 kilichobeba yote mawili. Mwulize muuzaji kama anakijua. Alafu mwambie atume amri kutoka mfumo wa kamandi, aifute ikiwa katikati ya utekelezaji, mwone vifaru vitafanya nini.

Na saa pia muiangalie, muda wa kwenye pakiti ya DIS unahesabiwa tangu saa hiyo ya siku ilipoanza tu, hausemi ni saa ngapi wala tarehe gani, kwa hiyo mkiendesha zoezi kwa spidi mara mbili mtapata ripoti za ajabu.

Natoka kidogo nje ya swali lako, maana hili ni la kila anayefikiria njia ya mkato. Tarehe 9 Novemba 1979 kompyuta za NORAD, kamandi ya ulinzi wa anga kule Marekani, zilionyesha makombora mengi ya Kisovieti yanakuja. Ndege za kivita zikarushwa. Satelaiti na rada zikiulizwa hazina kitu, kumbe data ya zoezi ilikuwa imeingia kwenye mfumo halisi. Baada ya hapo majaribio yakahamishiwa kituo cha pembeni. Leo hii mtu anakuja na adapta inayoingiza vikosi vya kufikirika kwenye skrini za kazini, ukimuuliza vimewekwa alama gani anakwambia usijali maofisa watajua. DIS ina namba ya zoezi kwenye kila pakiti, ila adapta isipoihamishia kwenye kila ripoti inaishia njiani.

Wekeni nakala ya mfumo wa kamandi kwa ajili ya mafunzo, skrini zilezile sawa lakini seva nyingine na mtandao mwingine, usio na waya hata mmoja kwenda ule wa kazi. Na zoezi likiisha hifadhidata ifutwe yote, sio kuchagua rekodi mojamoja, kwa sababu kikosi cha kufikirika kikibaki humo kina jina na gridi, kesho kuna mtu atakipangia kazi.