Mtoto wa miaka 17, ulanzi na pikipiki ya baba

Kamwene dada. Umeuliza umfanyeje mwanao wa miaka 17 anayechukua pikipiki ya baba yake jioni, anarudi usiku ananuka ulanzi, ile pombe ya mianzi, na ukimsema anakujibu, "Nimekunywa mtogwa tu." Nimeendesha bodaboda hapa Mafinga miaka mingi. Vijana wa umri huo nimewabeba, na wengine nimewaokota barabarani, kwa hiyo jambo hili linaniuma.

Huo mtogwa, yaani ulanzi mbichi, usikutulize. Ulanzi uliogemwa asubuhi ni mtamu kweli, lakini hauachi kuchacha ndani ya dumu. Ule ule jioni ni mkangafu, yaani umeshakuwa mkali. Kijana anahesabu vikombe bila kujua ukali wake. Tena msimu wa ulanzi ni msimu wa mvua: ukungu, utelezi, na malori ya magogo yaliyoharibika gizani, yamewekewa matawi tu barabarani. Hata asiyekunywa huyaona akiwa ameshayafikia. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu haviondoi pombe mwilini. Vinamfanya tu ajione yuko macho.

Wengi niliowaona hawakutoka nyumbani wakiwa wamepanga kuendesha wamelewa. Usiku umeingia, pikipiki ya mzee lazima irudi kabla hajaamka, na wenzake wawili wanataka wapande mshikaki. Kinachompandisha pale ni hofu ya baba.

Jirani yangu mmoja alimwambia mwanawe: ukinywa, mpigie boda wetu, nitalipa mimi, na usiku huo hakuna maneno. Boda huyo ni mimi. Kijana alinipigia zaidi ya mara moja, na siku moja nikawarudisha na wenzake, mmoja mmoja. Kuna wanaosema huko ni kumdekeza. Nakataa kabisa. Adhabu ya kunywa aliipata mchana wake, shambani; kwa kupiga simu hakuguswa.

Baba naye alale na ufunguo. Helmeti avae hata akiwa abiria, maana Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Na mwenye kilabu anayemuuzia mtoto, mwendee mchana pamoja na mwenyekiti wa mtaa.

Kama huna boda unayemwamini usiku, uliza kijiwe cha karibu yenu ni nani hanywi. Wenzake watakutajia.