Barua ya kamera ikifika, isome kabla hujalipa

Kazi yangu ni kusimamia magari yanayoendeshwa na watu wengi kwa zamu, kwa hiyo barua za faini zinazotokana na kamera za barabarani huishia mezani kwangu. Madereva huzipokea kwa namna mbili. Yupo anayetaka ilipwe upesi yaishe, na yupo anayeapa kwamba kamera imemsingizia. Wote nawajibu vilevile: tuisome kwanza. Picha ya gari ni ushahidi, na kila mahali ninapopajua sheria imeuwekea ushahidi huo masharti yake. Anayekudai ndiye mwenye wajibu wa kuyatimiza.

Cha kwanza kutafuta ndani ya barua ni nani anayedaiwa: mwenye gari au aliyekuwa anaendesha? Mambo mengi hutegemea jibu hilo. Ujerumani anayeadhibiwa kwa mwendo kasi ni dereva mwenyewe, ndiyo maana kamera zao hupiga picha ya uso. Asipotambulika, faini hiyo haihamii tu kwa mwenye gari. Ufaransa mwenye gari anaweza kudaiwa fedha hata kama dereva hajulikani, lakini pointi za leseni hazikatwi mpaka ithibitike kuwa yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Uingereza wamepita njia nyingine: mwenye gari hupewa siku 28 za kumtaja dereva, na asipojibu anakuwa ametenda kosa jingine linalojitegemea. Kosa hilo huingiza pointi 6 za adhabu kwenye leseni, wakati mwendo kasi wa kawaida huingiza 3. Kukaa kimya ukidhani unajikinga kunaweza kukugharimu kuliko kosa lenyewe.

Wapo waliolalamika kwamba kumlazimisha mtu aseme nani alikuwa anaendesha ni kumlazimisha ajishtaki. Mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba wajibu huo haukiuki haki ya kusikilizwa kwa usawa, kwa sababu anayekubali kumiliki na kuendesha gari amekubali pia kanuni zake. Kwingine waendesha magari wameshinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya jimbo la Missouri, Marekani, ilibatilisha kanuni ya jiji la St. Louis kuhusu kamera zinazonasa wanaopita kwenye taa nyekundu, kwa kuwa ilimtwika mwenye gari mzigo wa kuthibitisha kwamba si yeye aliyekuwa anaendesha. Kwa maoni yangu Missouri walikuwa sahihi. Kumtaka mtu aseme anachokijua ni sawa. Kumtaka athibitishe kuwa hana hatia ni jambo jingine kabisa.

Hapa kuna onyo ninalolirudia kwa kila dereva mpya: usimtaje mtu mwingine kwa uongo. Usimtaje ndugu aliye nje ya nchi, wala rafiki mwenye leseni safi, wala marehemu. Australia alikuwapo jaji mstaafu, Marcus Einfeld, aliyepata faini ya dola 77 kwa mwendo kasi mwaka 2006. Akaapa mahakamani kwamba gari lilikuwa kwa rafiki yake, mwanamke ambaye ilikuja kubainika alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Mwaka 2009 alifungwa jela kwa kiapo cha uongo na kupotosha haki. Kosa la barabarani linalipika; kiapo cha uongo kinakutoa kwenye faini na kukuingiza kwenye jinai.

Ukishajua nani anadaiwa, omba picha zote, siyo ile moja iliyochapishwa kwenye barua. Zipo kamera za rada, kama zile za Gatso zilizotokana na kazi ya dereva wa mashindano wa Uholanzi, Maurice Gatsonides, ambazo hupiga picha mbili zikiachana nusu sekunde, na barabarani huchorwa mistari yenye umbali unaojulikana. Kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Ukidaiwa kwamba ulikuwa kwenye kilomita 72 kwa saa, hiyo ni mita 20 kwa sekunde, na gari lilipaswa kusogea mita 10 kati ya picha hizo mbili. Mistari ikionyesha mita 7, ulikuwa karibu na kilomita 50, na una hoja nzito mkononi. Ikionyesha 10, lipa, tena mapema, maana sehemu nyingi hupunguza faini kwa anayelipa ndani ya muda wa mwanzo.

Uliza pia kifaa kilithibitishwa lini na nani. Kamera ni mizani, na hakuna anayelazimika kukubali uzito wa mizani isiyokaguliwa. Sheria nyingi hudai kifaa kiwe cha aina iliyoidhinishwa na kiwe na cheti cha ukaguzi kilicho hai siku ya tukio, na baadhi hupunguza kipimo kabla ya kukudai. Ujerumani huondoa kilomita 3 kama kasi iliyopimwa ni chini ya kilomita 100 kwa saa, na asilimia 3 juu ya hapo. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema mtuhumiwa ana haki ya kuomba taarifa za upimaji hata kama hazimo kwenye jalada lake. Naipenda hukumu hiyo. Haiwezekani mashine ikushtaki halafu uambiwe uiamini tu.

Kuhusu vibao vya kutahadharisha kwamba kuna kamera, usidhani kukosekana kwavyo kunakuokoa kila mahali. California sheria inataka vibao kwenye makutano yenye kamera za taa nyekundu, na kamera mpya zianze kwa siku 30 za kutoa onyo bila faini. Nchi nyingine zinaruhusu kamera zisizotangazwa. Binafsi naona kamera inayoonekana ndiyo inayookoa maisha, kwa sababu dereva hupunguza mwendo kabla ya kufika penye hatari. Iliyofichwa hukufikia kwa barua baada ya wiki mbili, wakati mtoto aliyekuwa anavuka ameshavuka au hakuvuka salama.

Tarehe ndizo zinazowaponza watu wengi zaidi. Uingereza, kwa kawaida, notisi ya kwanza lazima imfikie mwenye gari aliyesajiliwa ndani ya siku 14 tangu kosa litendeke. Ikichelewa bila sababu inayokubalika, mashtaka yanaweza kuanguka. Muda wako wa kupinga nao unahesabiwa, na ukipita hata hoja nzuri haisikilizwi. Hifadhi bahasha yenye muhuri wa posta. Kama gari lina madereva zaidi ya mmoja, andika kwenye daftari nani amelichukua na saa ngapi. Daftari hilo limetusaidia hata pale barua ilipokuja kwa gari lenye namba zetu katika mji ambao gari letu halikufika. Tulipoomba picha, rangi ilifanana lakini taa za nyuma zilikuwa za toleo jingine. Mtu alikuwa amenakili namba zetu. Tulipeleka picha za gari letu na kurasa za daftari, tukatoa taarifa polisi, na dai likafutwa.

Ukiuza gari, badilisha umiliki siku hiyohiyo na ubaki na nakala, kwa sababu kamera haijui kuwa umeuza. Na ukipata ujumbe wa simu unaosema una faini na kukupa kiungo cha kulipia, usikibonyeze. Matapeli wanautumia mtindo huu katika nchi nyingi. Fungua mwenyewe tovuti rasmi ya mamlaka husika au nenda ofisini kwao, uwape namba ya gari. Kosa likiwepo utalikuta huko, pamoja na picha yake.