Mama anataka kwenda kwao kila magharibi, tunampa piriton alale

SWALI: Shikamoo sista. Mama ana miaka 76, tunaishi nae Tanga. Mwaka wa pili huu anasahau, anauliza kitu kimoja mara kumi, hela anaficha mwenyewe anasema dada wa kazi kaiba. Ikifika magharibi anajifunga kanga anasema anaenda kwao Pangani kwa mama ake, na bibi alishafariki zamani. Wiki hii kazidi, usiku halali, kaka kanunua piriton tunampa mbili lakini naona ndo zinamvuruga. Shangazi anasema jini. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana, najua hapo nyumbani hakuna anaelala.

Naanza na piriton maana hiyo muiache leo hii. Umeona sawa kabisa, inamvuruga. Ubongo unatumia kemikali inaitwa asetilikolini kushika kumbukumbu, na kwenye Alzheimer, ambao ndo ugonjwa unaoleta dimensha, yaani usahaulifu wa ugonjwa unaozidi siku hadi siku kama huu unaousema wa mama, kwa watu wengi zaidi, kemikali hiyo inakua imeshapungua, sasa piriton nayo inaizuia, kwahiyo hata kile kidogo alichobakiwa nacho mnamnyang'anya. Anasinzia, anaamka hajui yuko wapi, mdomo mkavu, choo kigumu, akinyanyuka gizani anaanguka.

Halafu umesema wiki hii kazidi, hapo nimeshtuka. Dimensha nyingi zinakwenda polepole, miezi na miaka, mzee akibadilika ndani ya siku chache mara nyingi kuna kitu kingine kimeingia juu yake, yuti'ai (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria, nimonia, maji kupungua mwilini, au alianguka akagonga kichwa mkaona kadogo. Yuti'ai kwa mzee inaweza isiwe na homa kabisa, mnaona kachanganyikiwa tu. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali, bebeni dawa zake zote hata za miti shamba, apimwe mkojo, damu na sukari, na muombe wamwangalie pia homoni za tezi la shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, kwasababu hayo nayo yanaleta usahaulifu na yana dawa.

Sasa Pangani. Ugonjwa huu mara nyingi unaanzia sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya, ya zamani yanakaa zaidi, ndo maana nyumba yenu ya Tanga anaiona ngeni na ya utotoni anaijua mpaka mlango. Mkimwambia mama ako alishakufa anaupata msiba upya, analia kama wa leo, baadae habari kaisahau ila huzuni iko palepale. Msibishane nae. Muulize, Pangani mlikua mnavuka na pantoni kwenda Bweni? mlikua mnapika nini? Toka nae mzunguke nyumba mrudi mnywe chai, na angalia kama ana njaa au anataka kukojoa maana kusema hawezi. Washeni taa kabla giza halijaingia, vivuli vinamtisha. Mchana akae nje kwenye mwanga, apewe mchele achambue, hata akiuchambua vibaya. Msimfungie ndani peke yake, ila majirani wajue na mumshonee namba ya simu kwenye nguo.

Hela ikipotea itafuteni pamoja nae, na huyo dada mwambieni mapema kwamba ni ugonjwa unaongea, roho inamuuma mtoto wa watu.

Shangazi muelezeni taratibu. Kama kisomo kinamtuliza mama someni, mimi sina neno. Lakini utafiti uliofanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro uliwakuta na dimensha karibu watu 6 kwa kila 100 waliofika miaka 70, ni ugonjwa wa wazee wetu kabisa. Na mimi neno jini naliogopa kwasababu majirani wakisikia kelele za usiku ni rahisi waseme mchawi, na nchi hii vikongwe wameuawa kwa neno hilo.

Kaka msimlaumu, alitaka mama apumzike. Mpangieni zamu ya usiku nae ashike. Majibu ya mkojo yakitoka niandikie.