Usisaini huo mkopo wa kwenda kuonekana nyumbani

Usisaini. Umeandika, mleta mada, kwamba una miaka 27, unauza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi, unajiona si kitu mbele ya wenzako uliosoma nao, na umepata mtu wa kukukopesha shilingi 3,000,000 kwa dhamana ya pikipiki yako, ili Desemba upande Rombo na gari la kukodi, ukoo ukutambue. Umeuliza pia umjibu nini shangazi yako anayekulinganisha na binamu yako, kama uache kazi, na usome vitabu gani vya kujenga kujiamini. Leo najibu la mkopo tu, kwa sababu mkopo wa namna hiyo niliusaini mimi mwenyewe na ninajua unakoishia.

Mwaka 2018 nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Unga Limited, Arusha. Nilikuwa na mashine yangu ya kuchomelea, grainda mbili, dril na jiliwa, vitu nilivyovikusanya kimoja kimoja kwa miaka 4 ya kutengeneza mageti na madirisha ya watu. Sikuwa tajiri, lakini kodi ya chumba ililipika na wateja walikuwa wakinitafuta kwa jina. Hata hivyo, kila Desemba nilipopanda Marangu kwa basi nikiwa na begi mgongoni, nilimkuta mtoto wa baba mkubwa ameegesha gari chini ya mparachichi, na kila lilipotokea jambo la kuamuliwa wazee walimwita yeye kwanza. Aliyezaliwa Uchagani anaijua Krismasi ya nyumbani: mwaka mzima wa mtu hupimwa kwa siku zile chache, kwa alichokuja nacho.

Nikiwa na donda hilo, nililipa shilingi 30,000 kuingia kwenye semina ya kujiamini katika ukumbi wa hoteli moja mjini Arusha. Mhamasishaji alisimama mbele yetu na suti inayong'aa, akatufundisha kwamba dunia humpa mtu bei aliyojipangia mwenyewe, kwa hiyo anayetaka kuheshimiwa aanze kuonekana kama mtu anayeheshimiwa, na fedha zitamfuata. Ukumbi ulijaa vijana waliokuja kwa daladala, wengine wamekosa chakula cha mchana ili walipe kiingilio. Hakumuuliza hata mmoja wetu anafanya kazi gani, anadaiwa na nani, au anaweza kufanya jambo gani ambalo jirani yake hawezi. Mpaka leo, nikimwona mtu wa aina hiyo amepanda jukwaani, nachemka, kwa sababu yeye aliondoka na viingilio vyetu, nasi tukaondoka na ushauri wa kuongeza madeni. Mwalimu anayekueleza kwamba thamani yako imo katika macho ya watu anakukabidhi kwa watu hao wakufanye wanavyotaka, na bado anakutoza fedha kwa kukufanyia hivyo.

Nilikopa shilingi 2,500,000 kwa mtu binafsi, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, maana yake shilingi 500,000 kila mwezi kabla ya kuligusa deni lenyewe. Dhamana ilikuwa mashine na vifaa vyote. Nilikodi gari kwa siku 6, nikanunua suti, viatu vyeupe, kreti za bia na soda, na mbuzi wawili wa kuchinja. Tulipofika Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu Mtoni, nilishusha vioo vyote ili nionekane. Nilionekana kweli, na kwa siku mbili tatu watu waliniita mkubwa, wakanisogezea kiti, wakanitengea kisusio, ile supu ya Kichaga, kabla ya wengine. Usifikiri nilijisikia vizuri. Kila aliyenisifu alisifu gari, na gari lilikuwa la mtu wa Njiro, kwa hiyo kila sifa iliniacha mtupu zaidi na kunitia hofu ya kuulizwa swali moja tu.

Siku ya tatu baba aliniita nyuma ya nyumba, kwenye zizi la ng'ombe. Geti la zizi lilikuwa limekatika bawaba ya juu, naye alikuwa amelifunga kwa waya uliokwisha kuota kutu. Akanionyesha, akasema kwa kuwa mimi ni fundi huenda ningelitazama. Nilitazama viatu vyangu vyeupe na ule udongo mbichi wenye samadi, nikamwambia nitatuma kijana kutoka Himo. Akajibu, "Haya, mwanangu," akainama kuukaza waya kwa mikono yake. Katika siku zile zote hakuwa amelitaja lile gari hata mara moja. Mtu pekee niliyemtaka anione kuwa wa maana aliniomba jambo ambalo nililiweza kuliko yeyote katika ukoo, nami nikalikataa kwa ajili ya viatu vya mkopo.

Januari, kama unavyojua, watu hulipa ada za watoto na hakuna anayeagiza geti. Riba ya mwezi wa kwanza niliilipa kwa shida, ya pili ikanishinda, na mwezi Machi kirikuu kilisimama mlangoni mwa karakana, vijana wawili wakaibeba mashine huku nyaya zake zikiburuzika chini. Nilisimama pale mikono mitupu. Nilikuwa nimeweka rehani kitu pekee kilichonifanya nihitajiwe na watu, ili ninunue siku 6 za kudhaniwa mtu mwingine. Nikaenda kuwa kibarua katika karakana ya kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, na kwa miezi kadhaa sikuweza kupokea simu ya nyumbani wala kulala usiku.

Aliyenisaidia ni mshauri nasaha wa hospitali moja. Alinipa karatasi yenye sentensi 10, kipimo cha kujithamini kilichotolewa mwaka 1965 na mwanasosholojia wa Marekani, Morris Rosenberg, ambacho mtu hujaza kwa kukubali au kukataa kila sentensi. Niligundua kwamba hakuna hata sentensi moja iliyouliza kuhusu gari, nguo au mshahara. Zinauliza kama unajiona mtu mwenye thamani sawa na wengine, kama unaona unaweza kufanya mambo. Kisha akanieleza hoja ya mwanasaikolojia Leon Festinger ya mwaka 1954, kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha kujipima, hujipima kwa kujilinganisha na wenzake. Hapo nilielewa kosa langu kwa lugha ya kazi yangu. Geti nalipima kwa pima maji. Povu likikaa katikati, geti limenyooka, hata kama binamu yangu amekuja na magari kumi. Nilikuwa na kipimo cha wazi mikononi kila siku, nikakiacha nikaenda kupimwa na macho ya watu waliokuja kunywa bia.

Tangu hapo ninashika kanuni moja. Kabla ya kufanya jambo lolote kwa ajili ya heshima yangu, najiuliza kama ningelifanya endapo hakuna mtu hata mmoja angelijua. Jibu likiwa hapana, silitolei hata shilingi mia. Geti la zizi ningelitengeneza hata gizani. Kwa hiyo Pasaka iliyofuata nilienda nyumbani kuchukua vipimo, nikarudi nikachomelea geti jipya kwenye karakana niliyofanyia kibarua, nikalisafirisha juu ya basi na kulifunga siku nzima nikiwa na gambuti za baba miguuni. Bawaba zile hazijalia mpaka leo, na nikifika nyumbani huwa nalifungua na kulifunga mara mbili kabla sijaingia ndani. Mashine nyingine nilikuja kuinunua baada ya miaka miwili na nusu, kwa akiba ya kibarua, bila kukopa.

Sasa pitisha safari yako ya Desemba kwenye swali hilohilo. Kama Rombo nzima ingekuwa imelala, usimkute mtu barabarani wala nyumbani, ungelikodi gari hilo? Nimeona pia kwamba katika maelezo yako umeandika, kwa kupita tu, kwamba mafundi wa nyumba huja dukani kukutafuta wewe uwapigie hesabu ya mabati, kwa kuwa ukipiga wewe hayabaki wala hayapungui. Umeliandika kama jambo dogo, ukarudi haraka kwenye gari. Mdogo wangu, hilo ndilo pima maji lako. Paa ama linafunika ama halifuniki, na shangazi yako hawezi kulibadilisha hilo kwa maneno. Na pikipiki unayotaka kuiweka dhamana ndiyo inayokufikisha kwenye nyumba hizo kupima, kama ulivyoeleza mwenyewe.

Umesema mkataba ni Ijumaa. Mpigie huyo mtu kesho asubuhi kabla hujafungua duka, mwambie huzihitaji tena fedha zake, na kadi ya pikipiki ibaki kabatini ilipo.