Kabla ya kuishusha giaboksi ya otomatiki
Wewe unayeanza kazi ya gereji, siku utakapoletewa gari la zamani la otomatiki linalochelewa kushika gia, au ambalo injini yake inapandisha mzunguko bila mwendo kuongezeka, usikimbilie kusema kwamba giaboksi imekufa. Ukishalitamka neno hilo mbele ya mwenye gari, utajikuta unaitetea kauli yako badala ya kuutafuta ubovu.

Anza na oili. Magari mengi hupimwa injini ikiwa imepata moto na inanguruma bila kukanyagwa mafuta, mkono wa gia ukiwa kwenye P. Yapo yanayopimwa injini ikiwa imezimwa, na mengine hayana kijiti cha kupimia kabisa, kwa hiyo soma kwanza kitabu cha gari husika. Dondosha tone moja kwenye kitambaa cheupe, kisha ulitazame na kulinusa. Oili nzima kwa kawaida ni nyekundu na hupitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, klachi za ndani zimekuwa zikiteleza kwa muda. Ikiwa ya waridi na imevurugika kama maziwa, imeingiwa na maji, na mara nyingi hayo hutoka kwenye rejeta, pale bomba la kupozea oili lililomo ndani yake linapotoboka. Gari la namna hiyo lisiendeshwe tena, kwa sababu maji hulegeza gundi inayoshikilia vitambaa vya klachi.

Baada ya oili, kagua umeme. Niliwahi kushusha giaboksi ya gari lililokuwa limeganda kwenye gia ya tatu, nikaifungua mezani, nikakuta klachi zote nzima. Ubovu ulikuwa nje, kwenye soketi ya waya za solenoidi, yaani vali za umeme zinazoelekeza oili ndani ya giaboksi, ambako pini moja ilikuwa imeota kutu ya kijani. Kompyuta ilikuwa imeligandisha gari katika gia moja ili kuilinda giaboksi. Ukiipima kompyuta hiyo na kukuta msimbo wa hitilafu P0700, usiishie hapo, kwa maana huo husema tu kwamba kuna hitilafu upande wa giaboksi. Tafuta msimbo mwingine ulioambatana nao.

Ukifungua sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, itazame sumaku iliyomo ndani yake. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyochoma kidole ni habari nyingine.

Wapo wanaosema kwamba oili mpya huiua giaboksi kuukuu. Kwa maoni yangu, huwa imeshachakaa tayari, ila mwenye gari aelezwe hivyo kabla hujafungua nati ya kumwagia. Tumia aina ya oili iliyoandikwa na mtengenezaji, na kamwe usiweke ya otomatiki ya kawaida katika giaboksi ya CVT, ile inayotumia mkanda na puli badala ya gia za hatua.

Na gari likishindwa kutembea, livutwe magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yameinuliwa, kwani pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini ikizimwa giaboksi huzunguka kavu.